KADI ZA SIKUKUU: Makwasinyi hakuna theluji, chagua rangi za kwenu

Desemba inakuja na wewe ndiye mwenye laptopu kwenye ukoo. Unajua maana yake. Kuna mtu atakupigia simu: shangazi, mwenyekiti wa kwaya, au mama mmoja wa kikundi cha kusuka vikapu kule Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, anayetaka kadi mia moja za kufungia vikapu vinavyoenda kwa wateja wa Krismasi. "Si wewe unajua haya mambo ya kompyuta?" Malipo, kama yapo, ni ya kusukumasukuma.

Unafungua Canva, unaandika Krismasi, na shida inaanzia hapo. Theluji. Msonobari. Mzee wa ndevu nyeupe ndani ya koti la baridi. Nyekundu kali, kijani kibichi, na vumbi la dhahabu limemwagwa juu. Robo saa umemaliza. Kadi inapendeza, sikatai, lakini ingeweza kutengenezwa na mtu yeyote, popote. Mteja atafungua kikapu cha katani kilichosukwa Taita Taveta na kukuta ndani salamu kutoka Ncha ya Kaskazini. Yule mama aliyekaa siku kadhaa akisuka hayumo kwenye kadi hata kidogo.

Nyekundu na kijani za Krismasi zina kwao. Huko Ulaya, baridi inapokuwa imekausha karibu kila kitu, kuna mti mdogo uitwao holi unaobaki na majani ya kijani na vijitunda vyekundu. Watu walipambia nyumba kwa kile kilichokuwa nje ya mlango wao. Hata kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa, iliyochapishwa London mwaka wa 1843, ilizungushiwa mizabibu. Sir Henry Cole alikuwa na barua nyingi mno za kujibu, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja itakayowatosha wote. Zilichapishwa takriban 1,000, zikauzwa shilingi moja ya Uingereza kila moja, na rangi zake zilipakwa kwa mkono baada ya kutoka kwenye mashine. Kwa hiyo ukiona kupaka rangi kwa brashi ni ushamba, jua kazi hii ilianza hivyo hivyo.

Sasa, nje ya mlango wa Makwasinyi kuna nini?

Kiswahili chenyewe kinakusaidia kulijibu swali hilo. Hebu yaangalie majina ya rangi. Ukitoa nyeupe, nyeusi na nyekundu, ambazo hubadilika kwa ngeli (kikapu chekundu, udongo mwekundu), nyingine karibu zote tumeziazima kutoka kwa vitu. Kijivu ni jivu. Kijani ni jani. Kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, manjano ni kile kiungo cha mchuzi, samawati ni mbingu kwa Kiarabu. Halafu kuna zile za wauza nguo: maji ya kunde, damu ya mzee. Damu ya mzee! Kompyuta inaiita #800000 na kukuacha hapo.

Basi kabla hujabonyeza kile kiduara cha rangi, jiulize: hii ni rangi ya nini? Ukikosa jibu, huenda rangi hiyo haina kazi kwenye kadi yako.

Ukitoka Voi kuelekea Mombasa unafika Maungu. Hapo unaiacha barabara kuu, unakata kulia kuelekea Kasigau, na kuanzia hapo kila kitu kinapakwa rangi moja: viatu vyako, vioo vya matatu, mbuzi waliozaliwa weupe. Udongo ule una chuma kilichoshika kutu, ndiyo maana ni mwekundu vile. Tembo wa Tsavo hujirushia vumbi hilo mwilini, na watalii huja kuwapiga picha wakiwaita tembo wekundu, ingawa ngozi yao ni ya kijivu kama ya tembo wengine wote. Mlima wenyewe, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, una msitu wa ukungu kileleni: kijani kilichokolea hadi kinakaribia buluu. Chini yake ni nyika. Miiba, migunga, vichaka vya kijivu kwa miezi mingi ya mwaka.

Kisha vuli inanyesha Novemba, na katika siku chache kile kijivu kinageuka kijani. Kwa hivyo katika mwaka mzuri, Krismasi inaikuta Makwasinyi ikiwa na nyekundu yake na kijani chake, bila holi hata moja.

Nimesema mwaka mzuri. Kufikia Desemba 2022, misimu mitano ya mvua ilikuwa imekosa mfululizo katika maeneo makame ya Kenya. Mifugo ilikufa, ndovu na pundamilia walikufa, na nyika ikabaki na rangi ya jivu. Mtu aliyepitia hayo akiona kijani kwenye kadi haoni pambo. Anaona mvua. Wewe uliyekaa Pipeline au Bamburi ukiburuta kijani huku na kule kwenye skrini, fahamu unachokiburuta. Kadi iliyojaa kijani pembe hadi pembe inasema jambo moja. Kadi nyekundu ya udongo yenye jani moja dogo pembeni inasema lingine, na mimi naona hiyo ya pili ndiyo yenye ukweli zaidi. Ukitaka rangi ya tatu ya kuchangamsha, kuna waridi la jangwani, kile kimti kinene cha Tsavo kinachochanua maua ya waridi kikiwa hakina hata jani moja. Tone dogo la rangi hiyo juu ya kijivu linaamsha kadi nzima.

(Kuhusu kumweka tembo kwenye kadi: uliza kwanza. Mteja wa ng'ambo atampenda. Lakini kwa mkulima wa Kasigau, huyo ni mnyama aliyemaliza mahindi usiku. Hasomeki kama heri ya sikukuu.)

Kiasi cha kila rangi, nenda ukajifunze kwa hao hao wanaosuka. Kiangalie kikapu cha Kasigau vizuri. Sehemu kubwa mara nyingi ni katani yenyewe, rangi ya maziwa yaliyokaa kidogo. Juu yake inapita mikanda ya rangi moja au mbili, nyuzi zikiwa zimechemshwa na magome na majani, au kutiwa rangi ya unga wa dukani. Msusi huamua mapema, kwa sababu uzi ukishatiwa rangi umetiwa. Hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Sisi wenye mamilioni ya rangi kwenye simu ndio tunaotia saba kwenye kadi moja, kisha tunashangaa mbona inafanana na tangazo la mitumba.

Jaribu hesabu ya kikapu: rangi moja iibebe kadi, nyingine iisaidie, na moja ndogo iichokoze. Inayobeba inaweza kuwa karatasi yenyewe. Manila ya duka la vitabu inapatikana kwa rangi nyingi, na karatasi ya kaki tayari inafanana na katani. Wino unaokoa, pesa unaokoa. Ila kuna mtego: printa za kawaida hazina wino mweupe. Kila ulichokiacha cheupe kwenye skrini kitatoka na rangi ya kaki, na manjano yako itazama ndani yake. Ukitaka nyota nyeupe juu ya kaki, zitie kwa mkono, kwa kalamu nyeupe au rangi ya maji nzito.

Mtego mwingine unawanasa hata wazoefu. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na buluu. Printa hutumia wino: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Kuna rangi ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi, hasa vile vijani vinavyowaka na buluu ya umeme. Dhahabu nayo kwenye simu ni ujanja wa manjano na kahawia tu. Ikichapwa kwa wino wa kawaida inatoka kama haradali. Kwa hivyo usikubali kuonyeshwa kazi kwenye kompyuta ya saiba halafu ukalipia nakala mia. Lipia moja kwanza, kwenye karatasi ile ile, utoke nayo nje uitazame kwenye mwanga wa jua.

Na maandishi mekundu juu ya kijani, tafadhali, acha. Rangi hizo mbili zikiwa na uzito sawa zinagombana mpaka herufi zinaonekana kutetemeka. Kuna watu, wanaume zaidi ya wanawake, wasioweza kuzitenganisha kabisa. Hurithiwa, na huenda mjomba wako ni mmoja wao na hajawahi kukuambia. Kipimo ni rahisi: piga picha ya skrini, iondolee rangi ibaki nyeusi na nyeupe. "Krismasi Njema" ikipotea, kadi yako ina kasoro.

Kama una wikendi moja na mikono isiyoogopa kuchafuka, tengeneza rangi yako mwenyewe. Chukua udongo mwekundu uliokauka, uponde, uuchekeche kwa kitambaa chepesi mpaka upate unga laini, kisha uchanganye na gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo. Umepata rangi ya kupaka kwa brashi au kugonga kwa muhuri uliochongwa kwenye kiazi. Haipauki kwa jua. Michoro ya mapangoni ya maelfu ya miaka ilipakwa kwa udongo wa aina hiyo na bado ipo. Manjano ya jikoni nayo inatoa rangi kali ya kupendeza, na ukiitia magadi kidogo inageuka nyekundu ya kahawia mbele ya macho yako. Lakini mwanga huiua haraka. Itumie ndani ya kadi, isiwe kwenye jalada litakaloning'inia dirishani.

Uchache wa vifaa usikutishe. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka wa 1968, alitumia rangi za mafuta za baiskeli juu ya hadibodi, na leo mtindo wake unauzwa kwenye kadi Afrika Mashariki yote. Kadi ya kwanza ya UNICEF, ya 1949, ilitokana na picha ya msichana wa miaka saba wa Czechoslovakia, Jitka Samková. Kijijini kwao vita vilikuwa vimeacha uhaba hata wa karatasi, akachora wasichana wakicheza kuzunguka mlingoti juu ya kipande cha kioo. Alikuwa anashukuru kwa maziwa.

Hesabu ni ile ile kwa kadi za Idd. Kijani, dhahabu na mwezi mwandamo zimeshazoeleka, na si vibaya. Ila mtu wa Mombasa au Lamu ana mlango uliochongwa, ana kanzu ya rangi ya maziwa, ana samawati ya bahari saa ya swala ya Idd. Na kwa Krismasi ya Pwani usisahau ule mti ambao wengi huuita mkrismasi, unaowaka maua mekundu Desemba kando ya barabara. Ulitoka Bukini, lakini kwa sasa ni wetu.

Jambo la mwisho linahusu heshima, na pengine kesi. Ukipiga picha mkanda wa kikapu cha Makwasinyi ukaufanya pambo la kadi utakayoiuza mwenyewe, huo si ubunifu wako. Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na inataka jamii yenyewe iridhie kabla mtu hajafanya biashara nazo. Piga simu. Ongea na kikundi, elewaneni nani anapata nini, na muulize aliyesuka anauitaje mkanda ule. Jina hilo liandikwe nyuma ya kadi pamoja na jina la kikundi. Mteja atalisoma, watu hugeuza kadi.

Ndani acha patupu, pasiwe na rangi yoyote ila ya karatasi. Weka salamu mstari mmoja chini, herufi ndogo, rangi ya udongo. Kuna mtu atakayetaka kuandika kwa mkono wake hapo, labda yule mama mwenyewe, kwa kalamu ya kawaida. Kwa sababu hiyo ikwepe karatasi inayong'aa: wino haukauki upesi juu yake, na akifunga kadi maneno yote yatahamia upande wa pili.