Kustaafisha Taswira za Zamani za Seva kwa Msimbo

Taswira ya mashine ni nakala kamili ya diski ya seva, pamoja na mfumo endeshi, programu na mipangilio yake, ambayo hutumika kuwashia seva mpya iliyo sawa na ile ya awali. Kampuni za Kampala zinazokodi seva za Amazon huunda taswira mpya kila programu inapoboreshwa, na kwa kuwa ni nadra mtu kukabidhiwa kazi ya kuziondoa zile za zamani, hizo hurundikana huku zikilipiwa kwa dola kila mwezi.

Gharama, hata hivyo, ndiyo sehemu ndogo ya tatizo. Taswira iliyojengwa juu ya CentOS 7, mfumo endeshi ambao muda wake wa kupatiwa marekebisho ya usalama ulikwisha tarehe 30 Juni 2024, hutoa seva yenye mianya ileile kila inapowashwa. Na iwapo ndani yake zimesahauliwa taarifa za wateja, kampuni yaweza kujikuta imekiuka Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019, ambayo haitaki taarifa binafsi zihifadhiwe kupita muda unaohitajika.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, huduma ya Amazon ya kujenga taswira, EC2 Image Builder, imekuwa na kanuni za kustaafisha taswira kiotomatiki, nazo huweza kuandikwa kwa Terraform, yaani programu inayosoma maelezo ya miundombinu katika faili na kuyatekeleza. Taswira hutangazwa kwanza kuwa imepitwa na wakati, ingawa bado yaweza kutumika. Kisha huzimwa, isiweze kuwasha seva mpya lakini iweze kurejeshwa. Hatimaye hufutwa, pamoja na nakala za diski zake ikiwa kanuni imeagiza hivyo.

Umri pekee ni kipimo chenye hatari. Ikiwa ujenzi wa taswira mpya umekwama kwa nusu mwaka, kanuni ya miezi sita itafuta hata ile ya mwisho iliyo nzima, na ndiyo maana mstari mfupi kama `retain_at_least = 3`, unaoamuru taswira tatu zibakizwe kwa vyovyote, haupaswi kukosekana.

Kuna msamaha kwa taswira zilizotumika karibuni, lakini nao hautoshi. Mfumo wa kupokea karo za shule huelemewa mihula inapofunguliwa, na katikati ya muhula waweza kukaa miezi bila kuwasha seva ya ziada. Taswira yake ikifutwa wakati huo, seva zilizokwisha kuwaka huendelea kufanya kazi, kwa hiyo kosa hujitokeza siku ile wazazi wanapolipa kwa wingi. Taswira ya aina hiyo hustahili lebo ya kuikinga, iliyotajwa ndani ya kanuni yenyewe, na ni busara kanuni mpya iishie kwenye hatua ya kuzima hadi ufunguzi wa muhula mmoja upite, ndipo iruhusiwe kufuta.