Msamaha na Kufanywa Upya Baada ya Mateso: Habari za Yusufu na Huduma ya Funguo

1. Utangulizi

Katika sharika zetu methali isemayo, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo," husikika mara kwa mara. Hutamkwa katika baraza la wazee, katika vikao vya ukoo, na hata mimbarani. Ni methali yenye hekima mahali pake, kwa kuwa huwazuia ndugu wasifufue kila siku magomvi madogo. Lakini inapoelekezwa kwa mke anayepigwa, au kwa yatima aliyenyang'anywa shamba la baba yake, hugeuka kuwa amri ya kunyamaza. Wahenga hao hao walisema pia, "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba msamaha wa Kikristo haufuniki uovu. Huutaja kwa jina lake, kisha huunyang'anya mamlaka ya kutawala maisha ya aliyetenda na ya aliyetendewa. Tutaanza na habari za Yusufu, tutapita katika mafundisho ya Kanisa letu juu ya maungamo, kisha tutatazama mfano mmoja wa karne hii kabla ya kutoa mashauri kwa wachungaji.

2. Yusufu na ndugu zake

Yusufu alikuwa na umri wa miaka 17 habari zake zinapoanza (Mwa. 37:2), na ndugu zake walimwuza kwa vipande 20 vya fedha (Mwa. 37:28). Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30 (Mwa. 41:46). Tukiongeza miaka saba ya shibe na miwili ya njaa, tunaona kwamba zilipita takriban 22 tangu habari hizo zianze hadi siku alipojitambulisha kwa ndugu zake. Msomaji mwenye haraka huruka miaka hiyo yote na kufika kwenye machozi ya sura ya 45. Maandiko hayaruki.

Kabla ya kuonana na ndugu zake, Yusufu alizaa wana wawili (Mwa. 41:50-52). Wa kwanza alimwita Manase, kwa kuwa Mungu alimsahaulisha taabu yake na nyumba ya baba yake. Lakini mtu aliyesahau kabisa hampi mwanawe jina la kumkumbusha kila siku kile alichokisahau. Jina hilo lashuhudia kwamba jeraha lilikuwapo bado, ila halikuwa tena bwana wa nyumba. Wa pili alimwita Efraimu, kwa kuwa Mungu alimpa uzazi katika nchi ya mateso yake. Hapa pana fundisho kubwa: Mungu alimfanya Yusufu upya wakati ndugu zake walikuwa bado hawajatamka neno lolote la toba. Uzima wa aliyeumizwa haukuwekwa rehani mikononi mwa waliomwumiza.

Ndugu walipokuja kununua nafaka, Yusufu hakujitambulisha mara moja. Aliwasikia wakikiri wao kwa wao, wasijue kwamba anaielewa lugha yao, naye akajitenga akalia (Mwa. 42:21-24). Alingoja hata Yuda, ambaye ndiye aliyetoa shauri la kumwuza, akajitoa awe mtumwa badala ya Benyamini (Mwa. 37:26-27, 44:33). Ndipo alipojifunua, na katika tamko lile lile la kujitambulisha akalitaja tendo lao: kwamba walimwuza (Mwa. 45:4). Aliwakumbatia bila kuificha kweli.

Hata hivyo mambo hayakuishia hapo. Yakobo aliishi Misri miaka 17 (Mwa. 47:28), na alipokufa, wale ndugu walishikwa na hofu kana kwamba hawakusamehewa kamwe (Mwa. 50:15-21). Miaka yote hiyo walikula chakula cha msamaha pasipo kuuamini. Yusufu alilia tena, akakataa kujiweka mahali pa Mungu, akawaambia waziwazi kwamba walimkusudia mabaya, lakini Mungu alikusudia mema. Tuangalie vema ni nani aliyetamka neno hilo. Ni yeye aliyetupwa shimoni, tena mwishoni mwa safari ndefu. Mchungaji asilichukue neno hilo na kumtwika mtu aliye bado ndani ya shimo.

3. Maungamo katika mafundisho yetu

Luther alifundisha kitabu cha Mwanzo tangu mwaka 1535 hadi Novemba 1545, miezi michache kabla ya kufariki Februari 1546. Tangu hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517, alishika kwamba maisha yote ya Mkristo ni toba. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 latetea ondoleo la dhambi kwa mtu mmoja mmoja (Makala ya 11). Na Katekisimo Ndogo hufundisha kwamba maungamo yana sehemu mbili: kukiri dhambi, na kupokea ondoleo kana kwamba limetoka kwa Mungu mwenyewe.

Nguvu ya mafundisho haya ni kwamba msamaha ni neno litokalo nje yetu. Hautegemei ukubwa wa machozi yetu wala uthabiti wa nia yetu. Ndugu za Yusufu walikosa hakika kwa sababu walichungulia hofu iliyomo mioyoni mwao badala ya kulishika neno waliloambiwa.

Lakini Katekisimo hiyo hiyo humwagiza mwenye kuungama ajichunguze katika hali yake, kama baba, mama, mtoto au mtumishi, na ajiulize kama amemwumiza mtu. Kwa hiyo jirani aliyeumizwa yumo ndani ya maungamo tangu mwanzo. Anayeungama mbele za Mungu huku akimruka jirani yake hajaifuata Katekisimo.

4. Kanisa linapoomba msamaha

Yapo makosa ambayo ni ya Kanisa lenyewe. Katika karne ya 16 Waanabaptisti waliteswa na wengi wakauawa, pia katika nchi zilizotawaliwa na Walutheri, na baadhi ya wanatheolojia wetu, Melanchthon miongoni mwao, walizipa serikali hoja za kufanya hivyo. Tume ya pamoja ya Walutheri na Wamennonite ilichunguza habari hizo kuanzia mwaka 2005 hadi 2008. Kisha, tarehe 22 Julai 2010, Mkutano Mkuu wa Fungamano la Kilutheri la Dunia uliokutana Stuttgart, Ujerumani, uliomba msamaha kwa Mungu na kwa Wamennonite. Askofu Danisa Ndlovu wa Zimbabwe, aliyekuwa rais wa Mkutano wa Wamennonite wa Dunia, aliupokea ombi hilo kwa niaba ya wenzake, nao wakatoa zawadi ya beseni la mbao la kuoshea miguu.

Jambo hili si geni kwetu, maana Wamennonite wapo Tanzania tangu mwaka 1934, walipoanza kazi Shirati. Tuzingatie utaratibu uliofuatwa: kweli ilichunguzwa kwanza na pande zote mbili, kosa likatajwa, ndipo msamaha ukaombwa. Karibu miaka 500 ilikuwa imepita, na bado hakuna aliyewaambia Wamennonite kwamba yaliyopita si ndwele.

5. Mashauri kwa wachungaji

Kwanza, tunapomrudisha mtu kundini, tuulize pia habari za yule aliyemkosea. Mara nyingi mkosaji husimama mbele ya usharika, huombewa na kupewa mkono, huku aliyeumizwa ameketi kwenye benchi bila mtu wa kumsikiliza. Huyo naye ni kondoo. Atembelewe na asikilizwe kabla ya ibada hiyo.

Pili, tutofautishe kusamehe na kurejea hatarini. Mama anayepigwa aweza kumkabidhi Mungu kisasi na bado akahitaji mahali pa usalama na msaada wa sheria. Yusufu hakuyaweka maisha yake tena mikononi mwa ndugu zake kabla ya kuona kwamba wamebadilika.

Tatu, anayetubu kwa kweli atangaziwe ondoleo bila kigugumizi, na lirudiwe kila hofu inapomrudia. Kumwachia mashaka ni kumnyima Injili. Hata hivyo ondoleo halimwondolei wajibu wa kurudisha shamba alilonyang'anya.

6. Hitimisho

Jioni ya siku ya ufufuo Bwana aliwatokea wanafunzi waliomkimbia. Aliwapa amani, akawaonyesha mikono na ubavu wake, kisha akawavuvia Roho Mtakatifu na kuwakabidhi mamlaka ya kuondolea dhambi (Yn. 20:19-23). Mwili wa ufufuo haukuficha kovu. Funguo tunazozishika siku ya kubarikiwa zilitolewa na mikono yenye majeraha, na hatuwezi kuzitumia sawasawa huku tukiwaamuru waliojeruhiwa wafiche ya kwao.