Roho ya Fidla

Mjini Cremona, Italia, alikofanya kazi Antonio Stradivari (aliyefariki mwaka 1737), mafundi wangali wanaunda fidla kwa mikono. Ndani, kati ya uso wa mbao laini na mgongo wa mbao ngumu, husimamisha kijiti kisichotiwa gundi. Hushikiliwa na mbano tu. Hicho hupeleka mtetemo wa nyuzi mgongoni. Kikianguka, sauti hufifia, na uso waweza kupasuka. Waitaliano hukiita *anima*, yaani roho.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano (Konstitusio juu ya Liturujia, na. 120) huruhusu ala mbalimbali ibadani, mradi zifae matumizi matakatifu na kuwajenga waamini. Basi kwaya isiyosali, hata ikiwa na ala bora na sare mpya, ni fidla iliyoangukiwa na kijiti chake. Kabla ya kuimba, tuikague roho.