Tsitsikamma Mwezi wa Desemba: Anza na Maji, Likizo Ifuate

Anayetaka kutembea kwa miguu kando ya bahari huko Tsitsikamma, Afrika Kusini, mwezi wa Desemba, kwa kawaida huanza na ruhusa ya kazini. Akishaipata hukata tiketi ya ndege, hutafuta pa kulala, na mwisho kabisa ndipo huulizia njia zenyewe. Kwa safari ya Diani au Nungwi utaratibu huo hauna madhara. Kwa Tsitsikamma, unaweza kumfikisha mtu getini akaambiwa nafasi zilikwisha tangu mwaka uliopita, au ukamfikisha kwenye mlango wa mto maji yakiwa yamejaa. Nawasihi wote wanaoipanga safari hii waugeuze utaratibu. Waanze na mambo matatu yasiyosogezwa kwa pesa wala kwa maombi: idadi ya nafasi, saa za maji na urefu wa mchana. Tarehe za likizo zije baadaye.

Tsitsikamma ni ukanda wa misitu ya asili, majabali na mito mifupi yenye nguvu, katika pwani ya kusini ya Afrika Kusini. Hifadhi yake ilianzishwa mwaka 1964, ikiwa ya kwanza ya baharini barani Afrika, na tangu 2009 ni sehemu ya hifadhi kubwa zaidi iitwayo Garden Route. Wageni wengi hufikia mlango wa mto Storms, penye daraja la kuning'inia la mita 77, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Gqeberha. Shule za huko zikifungwa Desemba, familia hushuka pwani kwa wingi, na msongamano haupungui mpaka baada ya Mwaka Mpya. Pasaka nayo huwa hivyohivyo.

Tuanze na nafasi. Njia inayotamaniwa kuliko zote ni Otter Trail, iliyofunguliwa mwaka 1968. Inatoka mlango wa Storms hadi Nature's Valley, kilomita 45 hivi, siku tano na usiku nne. Kila kituo cha kulala kina vibanda viwili vya watu sita sita, kwa hiyo wanaoruhusiwa kuanza kwa siku ni 12 tu, iwe Desemba au Juni. Nafasi huuzwa na mamlaka ya hifadhi za taifa, SANParks, na za msimu wa kilele huchukuliwa takriban mwaka mzima kabla. Aliyechelewa asikate tamaa, kwani wapo wanaoahirisha. Afuatilie mara kwa mara, na awe tayari kwenda peke yake au wawili, maana nafasi zinazorudi mara nyingi ni moja moja.

Jambo la pili ndilo zito zaidi. Siku ya nne, baada ya kilomita 10 hivi kutoka vibanda vya Oakhurst, njia inakatwa na mto Bloukrans pale unapoingia baharini. Daraja hakuna. Mtu huvuka kwa miguu au kwa kuogelea, shanta likiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, na wakati wa kuvuka ni maji yakipwa tu. Msomaji wa Mombasa au Tanga anaweza kujiambia kwamba maji ameyazoea tangu utotoni, na kwamba bamvua ya kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 ilhali kule ni kama mita 2 tu. Hesabu yake ni sahihi, ila amesahau kitu kimoja: kwetu mawimbi makubwa huvunjikia mbali, kwenye miamba ya matumbawe. Tsitsikamma haina ukuta huo. Mawimbi yaliyozaliwa kwenye dhoruba za bahari ya kusini huja moja kwa moja hadi mlangoni mwa mto, na mvua ikinyesha bara, mto nao husukuma kutoka upande wa pili.

Hapa ndipo kalenda ya mwezi inapofaa kuliko kalenda ya ofisi. Katika pwani ile, siku ya mwezi mpevu au mwezi mpya, maji ya mchana hupwa sana kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi. Mwenye mzigo huhitaji saa nne au tano kufika Bloukrans, hivyo siku kama hiyo ingemlazimu kutoka kibandani saa 10 alfajiri na kukanyaga mawe gizani. Lakini kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Ukianza safari siku yenyewe ya mwezi mpevu au mwezi mpya, siku ya nne utakuta maji yakipwa karibu na saa 6 mchana, nayo bado yana kina kidogo kwa kuwa bamvua haijaisha. Utaondoka saa 12 asubuhi kukiwa kweupe na kufika ukiwa na muda wa kupumua na kuutazama mto. Ukiwahi nafasi mapema, chagua tarehe kwa kanuni hii, kisha uihakiki kwa jedwali la maji linalotolewa kila mwaka na jeshi la majini la Afrika Kusini.

Jambo la tatu linakupendelea. Sisi tumezoea mchana wa saa 12. Kule, Desemba, jua huchomoza karibu saa 11 alfajiri na kuzama saa 1 na nusu jioni. Hizo saa za ziada ndizo dawa ya msongamano kwa wasio na nafasi ya Otter Trail. Kilomita 3 za mwanzo za njia hiyo, hadi kwenye maporomoko, ziko wazi kwa wageni wa siku moja. Sehemu kubwa ni kurukia mawe, kwa hiyo tenga saa nne kwenda na kurudi, na uanze geti linapofunguliwa. Vivyo hivyo rasi ya Robberg, Plettenberg Bay, yenye mizunguko mitatu ya kilomita 2.1, 5.5 na 9.2. Katikati ya asubuhi maegesho huwa yamejaa, lakini aliyeingia mapema huwaona sili wakiogelea chini ya majabali kabla makundi hayajafika. Mzunguko mrefu hupita kwenye miamba ya chini ambako wimbi la ghafla limewahi kuchukua watu. Usishuke kupiga picha mahali ambapo jiwe limelowa.

Mengine ni ya kawaida. Mvua hunyesha mwaka mzima, hivyo koti la mvua halisubiri utabiri. Viatu viwe vya kushika mwamba. Maji ya vijito ni ya rangi ya chai kwa sababu ya mimea, si kwa uchafu, ila yatibu kabla ya kunywa. Wakenya na Watanzania hawahitaji viza kwa matembezi yasiyozidi siku 90, na anayetoka Kenya au Uganda awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Kisha weka akiba ya siku moja kabla ya ndege ya kurudi. Bloukrans ina njia ya dharura ya kupanda juu kwa atakayekuta maji hayavukiki, na kuitumia kunakula muda. Wanaoshawishika kuingia kwenye maji mabaya mara nyingi ni wale ambao ndege inawasubiri kesho yake. Mwenye siku ya akiba anaweza kuutazama mto, akakataa, na akarudi nyumbani salama.