Kupiga Picha na Mtu: Kauli Moja ya Kiswahili na Maana ya Picha katika Nyumba za Kitui na Makueni

Mama mmoja mtu mzima, katika kijiji kisicho mbali na Mutomo, wilayani Kitui ya zamani, alinionyesha picha iliyochakaa pembe zote nne akasema: "Hapa nilipiga picha na marehemu." Aliyeshika kamera siku hiyo hakuwa yeye wala mumewe. Alikuwa mpiga picha wa kutembea, aliyefika sokoni siku ya mnada, akapokea malipo, na picha akazileta mnada uliofuata. Mwalimu wa sarufi angependa mama huyu aseme "nilipigwa picha", maana mtenda ni mwenye kamera. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mama hakukosea, na kwamba katika kauli yake tunaweza kuona kwa nini watu wa sehemu hizo wanapenda picha kiasi hicho.

Tuanze na maneno yenyewe. Neno "picha" tumelipata kwa Waingereza. Kabla halijaenea, "sanamu" lilitumika kwa kinyago na kwa mchoro vilevile, na "taswira", lenye asili ya Kiarabu, lilikuwapo pia. Leo la kwanza limebaki kwa vitu vya kuchonga au kufinyanga, na la pili wamelichukua wahakiki wa fasihi. Kitenzi "piga" hakitupi taabu, kwani mtu hupiga simu, pasi, mhuri, kura na hodi bila ya kumwumiza mtu yeyote.

Taabu iko kwenye nafsi ya mtenda. Lakini si picha peke yake. Aliyetoka kwa kinyozi husema "nimenyoa". Aliyempelekea fundi kitambaa husema "nimeshona suti", na aliyewalipa waashi husema "nimejenga", hata kama hajagusa tofali. Katika kauli hizi zote mtenda wa kisarufi ni yule aliyetaka jambo litendeke, naye ndiye atakayekuwa mwenye kitu kitakapokwisha. Kinyozi, fundi na mpiga picha ni mikono tu. Ndiyo maana "nilipigwa picha" husikika zaidi pale ambapo hiari haikuwapo: mtu alipigwa picha na polisi, na mtalii, au na mwandishi wa gazeti. Sidai kwamba mpaka huu hauvukwi kamwe. Wapo wanaosema "nilipigwa" bila ya kinyongo chochote. Hata hivyo mwelekeo huo upo, na masikio yangu yameuthibitisha mara nyingi, Kitui na Wote.

Kwa kipimo hicho, picha za kwanza za Wakamba tulizo nazo katika vitabu ni za kupigwa. C. W. Hobley alichapisha kitabu chake juu ya Wakamba mwaka 1910. Gerhard Lindblom, Msweden aliyekaa Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1910, alichapisha kikubwa zaidi, kilichotoka Uppsala mwaka 1920. Ni vitabu vyenye faida kubwa, na mwanafunzi wa Kikamba hana budi kuvisoma. Lakini desturi ya vitabu vya aina hiyo wakati ule ilikuwa kuandika chini ya picha kabila, rika au pambo la mtu, si jina lake. Mtu yumo, ila hayumo kwa ajili yake mwenyewe wala kwa ajili ya jamaa zake.

Serikali nayo ilikuja na yake. Kipande cha wakati wa ukoloni, kilichotokana na sheria ya mwaka 1915 na ambacho mwanamume alikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma, kilitaka alama za vidole. Baadaye vitambulisho vilipokuja kuwa na picha, na mwaka 1978 sheria ilipobadilishwa ili wanawake nao waandikishwe, wazee wengi wa vijijini walipata kwa mara ya kwanza, na pengine ya mwisho, picha ya uso wao. Ni picha ya kupigwa, macho yamekazwa mbele, hakuna aliye kando. Lakini tazama jinsi watu walivyoigeuza. Mzee afapo bila ya kuacha picha nyingine, wanawe huchukua kitambulisho mjini, uso ule ukakuzwa, ukatiwa katika fremu na kubebwa mbele ya jeneza. Kisha fremu hutundikwa sebuleni pamoja na za harusi na za mahafali. Kitu kilichotengenezwa ili serikali imjue mtu, jamaa wamekichukua ili wao wasimsahau.

Picha za hiari zilitoka mbali. Tangu reli ilipopita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, vijana wa upande wa Makueni wamekwenda Mombasa kutafuta kazi, na katika Vita Kuu vya Pili Wakamba wengi waliandikwa katika jeshi la KAR. Aliyekuwa mbali alituma barua, na ndani ya barua picha. Studio za Mombasa, kama ile ya Parekh, zilimpa mteja taa, kiti na mkao wa heshima. Na katika miaka ya 1990 vibanda vya picha karibu na kivuko cha Likoni vilikuwa na mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Msomi mmoja akiona ndege ile atasema ni ndoto ya kusafiri. Labda. Lakini nyumbani, mama mzazi hakuitazama ndege. Alitazama kama mwanawe amenenepa, na nani amesimama naye.

Hapa ndipo kiunganishi "na" kinapotaka kuangaliwa. Hayati John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliyatumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Waafrika. Alieleza kwamba mtu aliyekufa bado yumo katika Sasa maadamu yupo aliyemjua na anayemkumbuka kwa jina. Akifa mtu wa mwisho wa kumkumbuka hivyo, marehemu huzama katika Zamani. Mbiti amekosolewa sana, hasa kwa aliyoyasema juu ya wakati ujao, na sitaingia katika ugomvi huo. Lakini juu ya jina alijua anenalo. Kwa Wakamba mtoto hupewa jina la babu au nyanya, na baba aweza kumwita bintiye mdogo "mwaitu", yaani mama, kwa sababu amepewa jina la mamaye. Jina hubaki, sura hubadilika. Picha imeleta kinyume chake: sura hubaki, na jina laweza kupotea. Katika nyumba kadhaa nimeonyeshwa picha nzuri, mtu amekaa wima na saa mkononi, na hapakuwa na aliyeweza kuniambia ni nani.

Ndiyo maana nyuma ya picha za zamani kuna maandishi, na huko ndiko mtafiti wa lugha angefaa kutazama kwanza: majina kutoka kushoto, mwezi, mji, neno "kumbukumbu". Picha za simu hazina nyuma. Zinapigwa kwa mamia, na simu ikianguka kisimani huenda zote pamoja.

Yule mama wa Mutomo aliigeuza picha yake akanipa nisome, mjukuu wake akisikiliza. Marehemu mumewe alikuwa ameandika majina mawili kwa kalamu ya wino. Lakini pichani mlikuwa na watu watatu. Ukingoni kulia alisimama kijana mwenye kofia, anacheka. Nikauliza huyo ni nani.

"Huyo hatukupiga naye," akasema. "Alitokea tu."