Kichwa cha Kaisari, Majigambo ya Mji

Ukiishika sarafu ya shaba kutoka mashariki ya dola ya Kirumi, mbele utamkuta Kaisari. Igeuze: sasa anayesema ni mji ulioipiga chapa. Miji zaidi ya 500 ilipiga sarafu za namna hii, na baadhi iliipita mingine.

Kwa kujisifu, taji ni la Tarso, kwao Mtume Paulo. Sarafu zake za karne ya 3 zina herufi tatu za Kigiriki, A, M, K: wa kwanza, mkubwa kuliko yote, mzuri kuliko yote. Shaba ilikuwa ndogo, sifa nyingi. Kinachochekesha ni kwamba Anazarbos, jirani na hasimu wake, nao ulipiga A, M, K zilezile! Smirna haikutaka vifupisho. Iliandika kwa kirefu kuwa ndiyo ya kwanza katika jimbo la Asia kwa uzuri na ukubwa. Vijembe hivi pwani vingeandikwa kwenye kanga.

Efeso ilijitapa kwa hesabu: mara ngapi imepewa heshima ya kulinda hekalu la Kaisari. Chini ya Kaisari Elagabalus ilifika nne, na hakuna mji mwingine uliofika hapo. Lakini heshima hiyo ilitolewa na Roma. Elagabalus alipouawa mwaka 222, Efeso ikarudi kwenye tatu.

Ya ajabu kuliko zote naipa Apamea ya Frigia, mji wa kipagani uliomweka Nabii Nuhu kwenye sarafu. Mume na mke wamo ndani ya kisanduku kilichofunguka, ndiyo safina, ubavuni limeandikwa jina la Nuhu, na juu njiwa anakuja na tawi. Mji wenyewe uliitwa kwa jina la utani Kibotos, yaani sanduku.

Ya ukaidi ni za Wayahudi wa Bar Kokhba, walioasi mwaka 132. Walichukua fedha ya Kirumi, wakagonga hekalu la Yerusalemu juu ya uso wa Kaisari. Nyingine bado zinaonyesha mabaki ya herufi za Kigiriki chini yake.

Mji wa mwisho kuacha kupiga sarafu zake wenyewe ulikuwa Aleksandria, mwishoni mwa miaka ya 290. Kaisari Diocletian alipoleta sarafu moja kwa dola nzima, Kigiriki kikaondoka, na mgongo wa sarafu ya Misri ukafanana na ule wa Trier, kule Ujerumani ya leo.