Asilimia ya wasio na ajira huanzia kwenye swali

Kila asilimia ya ukosefu wa ajira inapotangazwa, mabishano huwa yaleyale. Ikishuka, wanaoiunga mkono serikali hushangilia, na wapinzani husema namba zimepikwa. Pande zote mbili huruka hatua ya mwanzo: watu waliulizwa nini hata namba hiyo ikapatikana? Katika nchi ambayo wengi hujitafutia riziki shambani, sokoni na barabarani, swali la mdadisi ndilo linaloamua nani ana ajira na nani hana.

Kanuni zenyewe hazina siri. Wenye umri wa kufanya kazi, Tanzania wakianzia miaka 15, hugawanywa makundi matatu: wenye ajira, wasio nayo, na walio nje ya nguvu kazi, kama wanafunzi na wazee waliopumzika. Kwa vigezo vya Shirika la Kazi Duniani (ILO), aliyefanya kazi ya kipato walau saa moja katika siku saba ana ajira. Asiye na ajira ni yule ambaye hakuipata hata saa hiyo, anatafuta kazi, na yuko tayari kuianza. Kijana aliyebeba mizigo sokoni Tandika Jumamosi asubuhi, kisha akashinda kijiweni siku nyingine zote, ana ajira. Mwenzake aliyechoka kuzunguka akiomba kazi haingii hata kwa wasio na ajira. Yuko nje ya nguvu kazi. Sharti hilo moja la kutafuta lina uzito mkubwa: Afrika Kusini, robo ya mwisho ya mwaka 2023, kiwango rasmi kilikuwa asilimia 32.1, lakini walipojumlishwa wanaotaka kazi ambao hawakuitafuta kilifika 41.1.

Namna ya kuuliza nayo ina nguvu yake. Watafiti Elena Bardasi, Kathleen Beegle, Andrew Dillon na Pieter Serneels walilipima jambo hili hapahapa Tanzania kwa kuzigawa kaya kwa bahati nasibu. Baadhi zilipewa dodoso refu lenye maswali ya kuchuja: ulifanya kazi ya mshahara? Ulilima au kufuga? Ulikuwa na biashara yako? Nyingine ziliulizwa kwa mkato. Kwenye swali la mkato, wengi walihesabu pia shughuli za nyumbani kuwa ajira. Hao walipoondolewa kama kanuni inavyotaka, kiwango cha wanawake wenye ajira kilikuwa chini kuliko cha dodoso refu. Wanaume nao waliposemewa na mtu mwingine wa kaya, kiwango chao kilishuka sana, hasa kwa sababu kazi zao za shambani hazikutajwa. Mdadisi mwenye haraka, anayemuuliza mdogo mtu habari za kaka aliye shambani, anaweza kumfutia kaka huyo ajira bila nia mbaya yoyote.

Hata kanuni hubadilika. Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa watakwimu wa kazi uliamua kwamba anayelima chakula cha nyumbani anafanya kazi, ila hana ajira. Mama wa Newala anayelima muhogo wa kula na wanawe alikuwa na ajira kwa kanuni za 1982. Kwa hizi mpya hana, na jembe halijamtoka mkononi.

Wapo wanaotaka kigezo cha saa moja kifutwe. Uchungu wao naulewa, lakini kigezo hicho kipo ili kila jasho linalochangia pato la taifa lionekane kwenye takwimu za kazi. Ukikipandisha hadi saa 20 utamfuta kibarua wa msimu, na bado hutajua analipwa nini. Wengine watasema namba inayoyumba hivi haifai kitu. Inafaa, mradi swali lisibadilike: nchini Kenya kiwango kilipanda kutoka asilimia 5.2 robo ya kwanza ya 2020 hadi 10.4 robo iliyofuata, na pigo la korona likaonekana waziwazi.

Basi wahariri na mawaziri wasiitaje asilimia hiyo peke yake. Iandamane na saa ambazo watu walifanya kazi, kipato walichopata, na idadi ya wanaotaka kazi zaidi pamoja na waliokata tamaa ya kutafuta. Mengi ya hayo yamo tayari ndani ya ripoti za utafiti wa nguvu kazi. Yapandisheni ukurasa wa kwanza.